Damu Yako Nzuri

Mtu akisema anaumwa, na karatasi ya maabara ikasema haumwi, tumsadiki nani? Swali hili huonekana jepesi mpaka limfike mtu nyumbani kwake. Wapo watakaojibu upesi kwamba karatasi haina sababu ya kusema uongo, bali mwanadamu anazo nyingi. Wapo watakaojibu kinyume chake, kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi nimelizungusha swali hili kichwani kwa miaka kadhaa, na kila mara hunirudisha kwenye kipimo kimoja cha damu ambacho wengi wetu hatujapata kukisikia. Nacho ni kipimo cha ACE, kinachotumika katika ugonjwa uitwao sakoidosisi.

Nianze na ugonjwa wenyewe, maana bila kuuelewa huo hatutakielewa kipimo. Sakoidosisi ni maradhi ambayo chembe za kinga, yaani askari wa mwili, hukusanyika mahali pasipo na adui anayejulikana, wakajifunga pamoja kuwa vinundu vidogo vidogo. Vinundu hivyo hupenda zaidi mapafu na tezi za ndani ya kifua, lakini vyaweza kuota popote: katika ngozi, macho, ini, moyo, hata katika mishipa ya fahamu. Wengi wanaoupata hupona baada ya miaka michache, tena bila dawa. Wachache huendelea nao mpaka mapafu yakakakamaa kama ngozi iliyosahauliwa juani. Huko Marekani huwapata watu weusi kuliko weupe, na katika nchi za kaskazini ya Ulaya, kama Sweden na Norway, ni ugonjwa uliozoeleka.

Kwetu Afrika ya Mashariki hutajwa kwa nadra. Nina shaka kwamba nadra hiyo ni ya macho yetu zaidi kuliko ya ugonjwa, kwa kuwa maradhi haya yana pacha wake aliyeenea kila wilaya, naye ni kifua kikuu. Kikohozi kisichoisha, uchovu, kukonda, homa za jioni, picha ya eksirei yenye tezi zilizovimba: haya yote huletwa na huyu, na huletwa na yule. Tofauti ni kwamba kifua kikuu kina mdudu wake, aliyetambulishwa na Robert Koch mwaka 1882, na mdudu huyo akionekana kwenye makohozi shauri limekwisha. Sakoidosisi haina mdudu wa kukamatwa. Daktari huifikia kwa kuwatoa washukiwa wengine mmoja mmoja mpaka abaki yeye. Na akikosea, madhara si madogo, kwani dawa inayotuliza sakoidosisi, ile prednisoloni, hupunguza nguvu za kinga. Ukimpa mwenye kifua kikuu ukidhani ana sakoidosisi, umemfungulia mwizi mlango.

Si ajabu basi kwamba tangu ugonjwa huu upate jina watu wametafuta kitu kimoja cha kuukatia shauri. Jina lenyewe lina kisa. Mwaka 1898 daktari wa London, Jonathan Hutchinson, aliandika juu ya ugonjwa wa ngozi asioweza kuufananisha na mwingine wowote aliopata kuuona. Akaamua kuuita kwa jina la mgonjwa wake, Bibi Mortimer. Mwaka uliofuata, 1899, Mnorwe Caesar Boeck aliitazama ngozi ya namna hiyo kwa darubini, akaona chembe zilizomkumbusha uvimbe wa saratani ya nyama ingawa hazikuwa saratani, akaziita kwa neno lenye maana ya kitu kinachofanana na nyama. Neno la Boeck ndilo lililodumu. Jina la mtu likatoka, likaingia jina la kile kilichoonekana chini ya kioo. Simlaumu Boeck, darubini ilisema kweli. Lakini nalitaja jambo hili kwa sababu ndilo jambo lenyewe ninalotaka kulizungumzia.

Mwaka 1941 Mnorwe mwingine, Ansgar Kveim, alieleza kipimo cha ajabu. Kilichukuliwa kipande cha tezi ya mgonjwa anayejulikana kuwa na sakoidosisi, kikasagwa, kikachemshwa, kisha kikadungwa kidogo chini ya ngozi ya mtu anayeshukiwa. Wiki nne au sita zikipita, mahali pale hutazamwa. Kama pameota kinundu, hukatwa na kuwekwa chini ya darubini. Mwili wa mgonjwa mmoja ulitumika kuuhoji mwili wa mwingine. Kipimo hicho kilisaidia kwa miaka mingi, kisha kikaachwa karibu kila mahali, kwa sababu nyama ya kutengenezea ilikuwa haba, na watu waliogopa kwamba maradhi mengine yangeweza kupita humo. Nikikifikiria huona kwamba kilikuwa na adabu fulani ambayo vipimo vya leo havina: kilimlazimu daktari angoje, na kilimlazimu amwone mgonjwa wake mara ya pili.

Ndipo mwaka 1975 daktari wa Marekani, Jack Lieberman, alipotangaza kwamba damu ya wagonjwa wengi wa sakoidosisi ina kiasi kikubwa cha kimeng'enya kiitwacho kwa kifupi ACE. Kimeng'enya hiki si kigeni mwilini. Leonard Skeggs na wenzake walikwisha kukieleza mwaka 1956 kule Cleveland, katika kutafuta sababu za shinikizo la damu. Kila mmoja wetu anacho, hasa katika kuta za mishipa myembamba ya mapafu, na kazi yake ni kubadilisha kemikali moja kuwa nyingine inayobana mishipa na kupandisha shinikizo. Alichokiona Lieberman ni kwamba vile vinundu navyo hukitengeneza. Vinundu vikiwa vingi, kimeng'enya humwagika kwenye damu. Sindano moja, kichupa kimoja, na namba moja. Hakuna kukatwa wala kungoja wiki sita. Unaweza kuona kwa nini dunia ilifurahi.

Hapa nitamtaja mwalimu mwenzangu mmoja, ambaye jina lake nitalihifadhi. Mama wa makamo, mfundishaji wa jiografia, mtu asiyejua kukosa kazini. Alikohoa mwaka mzima. Kwanza alipewa dawa za kifua kikuu miezi sita, ingawa makohozi yake hayakuonyesha mdudu, na hilo silioni kuwa kosa, kwani katika nchi yetu hata mimi ningeanzia huko. Kikohozi kilibaki. Ndipo hospitali moja ikashuku sakoidosisi, ikamtoa damu, damu ikasafirishwa nje ya nchi kwa fedha zake mwenyewe, na baada ya majuma karatasi ikarudi. Maabara ile iliweka mipaka ya kawaida kuwa kati ya 8 na 52. Yeye alikuwa na 31. Daktari akatabasamu, akamwambia, "Mwalimu, damu yako nzuri."

Tuyapime maneno hayo matatu. Lugha yetu haina damu iliyo "ndani ya mipaka". Ina damu nzuri na damu mbaya, damu safi na damu chafu. Ni maneno yale yale tunayoyatumia kwa tabia ya mtu. Mwenye damu nzuri ambaye bado analalamika huyo si mgonjwa tena, ana lake jambo. Ilikuwa hivyo kwa mwalimu. Mkuu wa shule akaanza kuziangalia ruhusa zake kwa jicho jingine. Wifi yake akasema jikoni, kwa sauti ya kusikika sebuleni, kwamba wapo watu wanaochoka kabla ya kufanya kazi. Mumewe, mtu mwema, alinyamaza. Na mwenyewe akaanza kujishuku. Usiku alipoamka kukohoa alitoka nje ya nyumba ili asimwamshe mtu, kwa sababu sasa kikohozi kilikuwa aibu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa hatukuwa na mtu aliyeficha maradhi. Tulikuwa na mtu aliyefichiwa.

Kilichotokea ni hiki. Mwalimu alikuwa na shinikizo la damu, akinywa kidonge cha enalapril kila asubuhi kwa miaka minne. Enalapril, pamoja na kaptopril na lisinopril, ni dawa zilizobuniwa makusudi kuizuia ACE isifanye kazi. (Kaptopril, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1981, ilizaliwa kutokana na uchunguzi wa sumu ya nyoka wa Brazil. Nyoka huyo hushusha shinikizo la damu la windo lake hadi lianguke. Wazee wangapi wa mitaa yetu wanameza kila siku werevu wa nyoka bila kujua!) Kumpima ACE mtu aliyemeza dawa ya namna hiyo ni sawa na kupima kina cha kisima wakati pampu inavuta. Hakuna aliyemwuliza anatumia dawa gani. Baadaye, katika hospitali nyingine, mpira mwembamba ulipitishwa kooni hadi mapafuni, vipande vidogo vya nyama vikakatwa, vinundu vikaonekana, mdudu wa kifua kikuu hakuonekana, na shauri likakatwa. Mwaka mwingine ulikuwa umepita.

Mtu aweza kusema kwamba hilo lilikuwa kosa la uzembe tu, kwamba kama dawa ingeulizwa kipimo kingesema kweli. Sikubali. Hata dawa isipokuwapo, yapata wagonjwa wanne kati ya kila kumi wenye sakoidosisi ya hakika hukutwa na namba isiyovuka mipaka. Tafiti nyingine hutoa idadi kubwa zaidi, nyingine ndogo. Na wapo wenye namba kubwa wasio na sakoidosisi kabisa: wenye ukoma, wenye kisukari, wenye tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, waliovuta vumbi la mawe migodini. Watoto wazima wa afya nao huwa na namba kubwa kuliko watu wazima. Dalili ya mvua ni mawingu, naam, lakini mkulima anayejua kazi yake ameyaona mawingu mengi yakipita, na ameshanyeshewa siku ambayo asubuhi yake mbingu ilikuwa nyeupe.

Tena lipo jambo lenye kina zaidi. Mwaka 1990 watafiti wa Ufaransa walionyesha kwamba jeni inayotengeneza ACE ina sura mbili, moja ndefu na moja fupi. Aliyerithi fupi kwa baba na fupi kwa mama huwa na ACE nyingi maisha yake yote, akiwa mzima kama kigongo. Aliyerithi ndefu mbili huwa nayo kidogo. Karibu nusu ya tofauti za watu katika namba hii hutokana na urithi huo peke yake. Sasa fikiria maana yake. Mmoja aweza kuwa na 31 na hiyo ikawa ndiyo afya yake. Mwingine, ambaye siku zake za uzima alikuwa na 12, akifika 31 nyumba yake inaungua. Karatasi itawaandikia wote wawili neno moja: kawaida.

Kawaida ya nani? Mipaka ya maabara hupatikana kwa kupima watu wengi wanaoaminika kuwa wazima, kisha kukata ncha mbili, ya juu na ya chini, na kubakiza tisini na tano katika mia. Kwa hesabu hiyo wapo wazima watakaoangukia nje ya mstari kila mara, si kwa ubaya wao, ila kwa kuwa mstari lazima upite mahali. Ninapoambiwa niko kawaida nimeambiwa kwamba nafanana na kundi ambalo sikupata kukutana nalo, pengine lililoishi ng'ambo ya bahari. Ni habari yenye thamani. Lakini si habari yangu.

Kwa sababu hiyo wapo madaktari waliosema kipimo hiki kisitumike kugundua, kitumike kufuatilia. Yaani usimlinganishe mtu na kundi, mlinganishe na nafsi yake: mwezi wa kwanza 90, wa nne 70, wa nane 45. Hoja hii naipenda, kwani haki kubwa tunayoweza kumtendea mtu ni kumpima kwa kipimo cha jana yake. Mwalimu mzuri humhukumu hivyo mwanafunzi. Lakini hata hapa namba ina ujanja. Prednisoloni huishusha ACE upesi, na mara nyingine namba hushuka huku pumzi ya mgonjwa ikiwa pale pale. Daktari anafurahia karatasi, mgonjwa anasimama katikati ya ngazi akishika ukuta. Ni nani anayetibiwa hapo? Mwongozo wa Chama cha Magonjwa ya Kifua cha Marekani uliotolewa mwaka 2020 hauitegemezi hukumu juu ya kipimo chochote kimoja. Unataka mambo matatu yakutane: dalili zinazoafikiana, vinundu vilivyoonekana katika nyama ya mwili, na magonjwa mengine yaliyoweza kufanana nao kuondolewa. Ni mashahidi watatu, na ACE haimo miongoni mwao. Ni mpita njia aliyesikia kelele, kumwita si vibaya, ila asikalishwe kwenye kiti cha kadhi.

Lakini nisije nikamfanya mgonjwa mwenyewe kuwa kadhi, maana naye hustahili kuhojiwa. Sakoidosisi yaweza kukaa kifuani kimya kabisa, ikagunduliwa siku mtu anapopigwa picha ya kuombea kazi. Yaweza kulidhuru jicho bila maumivu, na ndiyo maana wagonjwa hupelekwa kwa daktari wa macho hata kama wanaona vizuri. Mtu anayesema "najisikia mzima" aweza kuwa amekosea sawasawa na karatasi inayosema "wewe mzima". Mwili hautupi taarifa zake zote. Anayenifundisha kwamba niusikilize mwili wangu tu ananifundisha nusu ya somo.

Basi tofauti iko wapi? Naiona iko katika kile kinachotendeka pale mashahidi wawili wanapopingana. Namba inapompinga mtu sisi huinyamazia namba na kumhoji mtu. Hatusemi "kipimo hiki kina kasoro gani?" Twasema "huyu ana nini?" Mwanafalsafa wa Uingereza Miranda Fricker, katika kitabu alichokitoa mwaka 2007, aliliita jambo la aina hii dhuluma, yaani kumnyima mtu haki yake kama mjuaji: kumwona asiyestahili kusadikiwa kwa sababu ya alivyo, si kwa sababu ya alichosema. Mwalimu wangu alikuwa mwanamke, wa makamo, mchovu. Sidhani kama mkuu wa wilaya angeambiwa "damu yako nzuri" akarudishwa nyumbani na kikohozi chake.

Nasikia pia sauti ya upande wa pili, na siwezi kuipuuza. Nimewahi kumwona mgonjwa akipokea namba mbaya kwa machozi ya furaha. Hatimaye alikuwa na karatasi! Sasa mwajiri angempa ruhusa, bima ingelipa, ndugu wangenyamaza. Kwake yeye namba ilikuwa wakili. Ni nani nimwambie kwamba namba ile ilikuwa shahidi dhaifu? Katika dunia ambayo neno la mtu halitoshi, karatasi dhaifu ni bora kuliko kutokuwa na karatasi. Lakini angalia ubaya ulioko ndani ya faraja hiyo: karatasi iliyomwokoa huyu ndiyo iliyomzamisha mwalimu. Tukiipa namba uwezo wa kuthibitisha kwamba mtu haongopi, tumeipa papo hapo uwezo wa kuthibitisha kwamba anaongopa.

Na kuna fedha. Mtu wa kwetu anayelipia kipimo kinachosafirishwa nje ametoa kitu: ada ya mtoto, mbuzi, mkopo wa kikundi. Naamini kabla ya kumtuma atoe, daktari ana wajibu wa kujiuliza atafanya nini namba ikirudi kubwa, na atafanya nini ikirudi ndogo. Ikiwa majibu ni mamoja, kwamba vyovyote itakavyokuwa atahitaji kipande cha nyama na darubini, basi amemtoza mgonjwa bei ya kuahirisha. Najua kwamba vipimo vingine huagizwa si kwa ajili ya kujua, ila kwa ajili ya kuonekana kuna jambo linafanyika, kwani kusema "sijui bado" ni kugumu kwa aliyevaa koti jeupe, na kulisikia ni kugumu zaidi kwa aliyesafiri usiku kucha kwa basi. Sote wawili, daktari na mgonjwa, tumeipokea namba kama msamaha wa kutoyasema maneno hayo.

Nimejaribu kufikiri daktari yule angesema nini badala ya alichosema. Nadhani angeweza kusema: "Mwalimu, kipimo hiki hakikunionyesha kitu, na mara nyingi huwa hakionyeshi hata penye kitu. Hebu nieleze tena kikohozi chako kilivyoanza, na unywe dawa gani nyumbani." Sentensi mbili tu. Hazigharimu kemikali wala tiketi ya ndege. Zingefichua kile kidonge cha asubuhi kabla ya chai kupoa. Zinahitaji dakika kumi za kusikiliza jibu, basi. Siku ile, nje ya mlango wake, kwenye mabenchi na sakafuni, walikuwa wameketi watu wapatao arobaini, na kila mmoja wao alikuwa na kitu cha kusema.